Muulize Shangazi: Pua, Kadi ya Njano na Visiwa vya Watu

Desemba ikikaribia, barua za mahari hupungua na za safari huongezeka. Wiki hii nimewaweka kando wanaogombea mbuzi wa kwanjula, nimewachukua wanaogombana na visiwa. Ni wengi, na wengine wana kinyongo cha tangu enzi za Korona.

*Shangazi, shikamoo. Tulifunga ndoa Novemba 2021, tukaenda fungate Zanzibar. Tulipimwa Korona Kampala kabla ya kuondoka, tukapimwa tulipotua, tukapimwa Migombani kabla ya kurudi, tukapimwa tena Entebbe. Foleni ya Migombani ilikula asubuhi tuliyokuwa tumelipia kwenda kutazama pomboo Kizimkazi. Sasa mume wangu anataka turudi kufidia. Mimi nikisikia tu neno fungate, pua inaniwasha. Nifanyeje? — Pua Moja, Najjera*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tupige hesabu, maana mumeo bila shaka alishaipiga zamani na huitoa kila mnapogombana juu ya ada ya shule. Kipimo cha haraka mlipotua, dola 25. Cha Migombani, dola 80 kwa mgeni. Cha Entebbe, dola 30, na hapo mshukuru mlioana Novemba: Septemba ya mwaka huo huo abiria alilipa dola 65, akapelekwa ufukweni Peniel kusubiri majibu huku shemeji zake wakimngoja nje na gari la kukodi. Jumla ni dola 135 kwa pua moja, 270 kwa pua mbili, na cha Kampala sijakitia. Halafu kulikuwa na ile fomu ya afya ya mtandaoni, ya kujazwa ndani ya saa 24 kabla ya kufika, ambayo kila mtu aliijaza vizuri kisha simu ikamzimikia mbele ya afisa.

Najua swali linalokuuma: kwa nini cha Kampala hakikutosha? Kwa sababu majirani hawakuwa wakiaminiana. Tanzania iliacha kutangaza takwimu mapema Mei 2020, ikiwa na wagonjwa 509, siku chache baada ya Rais Magufuli kusema kwamba hata papai na mbuzi wamekutwa na virusi. Mwisho wa Julai Kenya ikatoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeruhusiwa kuingia, Tanzania haimo. Dar es Salaam nayo ikaizuia Kenya Airways kuanzia 1 Agosti, na ndege zake hazikurudi hadi Septemba. Huku kwetu, madereva wa malori walilala barabarani Malaba wakisubiri majibu ya maabara. Katika hali hiyo kila serikali iliamua kuamini kijiti chake yenyewe, na wewe ukawa bibi harusi aliyepita katikati ya wakwe wasiosemezana: kila mmoja anataka umwamkie upya.

Mambo hayo yamekwisha. Uganda iliondoa kipimo cha kutua Entebbe Februari 2022, na Machi Tanzania ikawaondolea sharti la kipimo waliokamilisha chanjo. Rudini, mwanangu. Ila safari hii mumeo alipie pomboo kwanza, hoteli baadaye.

*Shangazi, Juni 2021 mume wangu alikwenda Kalangala kwa kazi ya siku mbili. Alirudi mwisho wa Julai. Alisema wilaya zimefungwa na yeye yuko karantini. Alirudi amenenepa, na samaki wakavu gunia zima. Mwaka huu anataka kunipeleka huko huko kupumzika, na juzi ulimi ulimteleza akasema tutalala "chumba kile kile". Nimsamehe? — Mke Mwenye Mashaka, Kawempe*

Sehemu ya maneno yake ni kweli, na mwanamke mwenye akili huanza na sehemu hiyo. Mwezi huo Rais Museveni alizuia usafiri kati ya wilaya na wilaya, na tarehe 18 akafunga nchi kwa siku 42. Mtu aliyekuwa Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese, siku hiyo alikuwa na sababu ya kubaki huko. Lakini kufungiwa wilaya si karantini. Wa karantini huwekwa peke yake, hupimwa, na aghalabu hutoka amekonda kwa mawazo. Muulize, kwa upole, nani alikuwa akipika.

Akikuambia visiwa vile vina historia ya amri za afya, usibishe. Anachosahau ni kwamba historia yenyewe inamkana. Malale yalipoangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne iliyopita, makadirio ya wakati ule yakipita watu 200,000, serikali ya kikoloni chini ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha wakazi wa Ssese wote wasiendelee kuumwa na mbung'o. Amri ilikuwa mtu asikae kisiwani. Mumeo ameigeuza.

Ushauri wangu: nenda. Pandeni MV Kalangala pale Nakiwogo, kaa naye upande wa mbele, tazama nani anampungia mkono mnapokaribia Lutoboka. Akiitwa kwa jina la utani kabla hujashuka gatini, hutahitaji kuniandikia barua ya pili.

*Shangazi, mimi ni mtu wa Jumuiya. Pasipoti yangu ni ya Afrika Mashariki, imeandikwa hivyo juu kabisa. Nilipotua Zanzibar nikaombwa kadi ya njano. Mholanzi aliyekuwa mbele yangu, aliyetoka kwao moja kwa moja, hakuombwa chochote. Ndugu anazuiwa mlangoni, mgeni anapewa juisi! Huu si ubaguzi? — Mwana Jumuiya, Bukoto*

Punguza sauti, mwanangu, mbu wanakusikia.

Kadi hiyo ni ya chanjo ya homa ya manjano, na homa ya manjano iko Uganda. Haiko Uholanzi. Mgonjwa akitoka hapa na virusi damuni, akaumwa na mbu wa kule, mbu huyo anaweza kuwapelekea watu wa Mjini Magharibi zawadi ambayo hawakuiomba. Afisa aliangalia ulikotoka, si rangi yako. Mholanzi huyo huyo angekuja Kampala kwanza, akae wiki kwa shemeji yake Kololo, kisha aruke kwenda Unguja, naye angeombwa kadi. Na Mholanzi huyo akija moja kwa moja Entebbe, sisi pia tunamwomba.

Wala usijifanye hujui kwamba ugonjwa huu ni wa nyumbani. Ile taasisi ya utafiti wa virusi iliyopo Entebbe, ambayo wakati wa Korona ilipima sampuli za nchi nzima, ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano hasa. Watafiti wake walikuwa wakiwaweka kima ndani ya vizimba juu ya miti katika msitu wa Zika, hatua chache kutoka barabara unayopita ukienda uwanja wa ndege, ili waone mbu watawaambukiza nini. Mwaka 1947 kima mmoja akapata homa. Hakuwa na homa ya manjano, alikuwa na kirusi kipya, na dunia nzima sasa inaita kirusi hicho kwa jina la msitu wetu. Kwa hiyo afisa wa Zanzibar akiona mhuri wa Entebbe ana haki ya kunyanyua nyusi.

Tena nimeona picha zako. Siku ya pili ulipanda mashua kwenda Changuu kupiga picha na makobe. Kisiwa hicho kilijengwa gereza miaka ya 1890, kisha kikawa kituo cha karantini cha abiria wa meli waliokuwa wakishukiwa kuleta maradhi. Ulilalamikia kadi uwanjani, halafu ukalipa nauli kwenda kutazama karantini na kutabasamu.

Jambo moja nakuunga mkono. Tangu 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano hakiishi muda. Hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi ni cha maisha. Ukiambiwa kimepitwa na wakati, simama hapo hapo, ueleze, usilipe.

*Shangazi, nina bima ya safari niliyokata Kampala. Kwa nini wanataka nikate nyingine ya Zanzibar? — Mbili za Nini, Muyenga*

Kwa sababu wao ndio wenye kisiwa. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anatakiwa kuwa na bima ya huko huko, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na kiwango kilichotangazwa kilikuwa dola 44. Ya Kampala haichukui nafasi yake. Ikate kwenye tovuti rasmi, ambako pia utaona kiwango cha siku hiyo, na usimtumie pesa kijana aliyekutumia kiungo kwenye kundi la WhatsApp la harusi.

*Shangazi, hakuna kisiwa kisicho na masharti? — Mchovu, Wandegeya*

Kipo, ila hakina choo.

*Shangazi, naruka Ijumaa, leo ni Jumatatu. Sijachanjwa homa ya manjano. Rafiki yangu ana kijana Nasser Road anayetoa kadi ya njano yenye mhuri na sahihi, bila sindano, unasubiri nusu saa. Wenzangu wanne wamepita nayo. Nichukue? — Mwenye Haraka, Kikuubo*

Usichukue. Na hata ukikimbilia sindano mchana huu, hujaokoka: cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa, na afisa husoma tarehe kabla hajasoma jina. Ijumaa yako imekwisha kufa. Izike kwa kubadilisha tiketi.

Sasa nikwambie wewe na wenzako wanne. Watu wanadhani mlolongo wa vipimo ulibuniwa na wakubwa wenye roho mbaya. Baadhi yao walikuwa nazo, sikatai, na dola 65 hazikujipanga zenyewe. Lakini cheti chako kilikataliwa mlango wa pili kwa sababu mlango wa kwanza ulikuwa umepitisha vyeti vya uongo. Abiria walikamatwa Entebbe na majibu ya Korona ya kughushi. Katikati ya 2021, wagonjwa wakikosa vitanda, watu wasiopungua 800 Kampala walilipia chanjo wakadungwa maji. Hayo yalitangazwa na kitengo cha Ikulu kinachofuatilia huduma za afya. Wale walikuwa wametapeliwa, maskini. Wewe unataka kujitapeli mwenyewe, tena kwa risiti. Mhuri wa Nasser Road ni mzuri mno, hauna wino uliovuja, hauko upande, sahihi inasomeka. Muuguzi gani wa serikali anaandika hivyo?

Pua Moja wa Najjera alichokolewa mara nne kwa sababu yako na ya wenzako wanne. Ukimwona kanisani, mwamkie na umwombe radhi.

Ninyi wengine wa Desemba, msingoje tiketi ishuke bei ndipo mkumbuke sindano. Nendeni kwenye kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya, bebeni pasipoti ili jina lifanane herufi kwa herufi, na hesabuni siku kumi kamili kabla hamjalipia hoteli.