Heshima Isiyo na Mikono

Thomas Paine ndiye aliyeandika kijitabu cha Common Sense mwaka 1776, akawapa Wamarekani moyo wa kumkataa mfalme wa Uingereza. Mwaka 1806 alikwenda kupiga kura mjini New Rochelle, akaambiwa si raia. Alipofariki mwaka 1809, waliomzika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Baadaye mwandishi Mwingereza William Cobbett akaifukua mifupa yake, akaipeleka Uingereza aijengee mnara. Mnara haukujengwa, mifupa ikapotea.

Mwaka 1899, New Rochelle hiyohiyo ikamtukuza kwa sanamu ya shaba: kichwa na mabega tu. Wenye mji walijua walifanyalo. Mtu asiye na mikono haandiki vijitabu, wala hasumbui wasimamizi wa kura.