Ua la Krismasi na Mulika Mwizi

Muuza miche wa soko la Gakoromone aliapa kwamba ikifika Desemba, ua hilo la Krismasi litakuwa jekundu hadi majirani waone wivu. Mnunuzi, mwalimu mstaafu, akalipanda langoni, mahali pa heshima, chini kabisa ya taa ya mulika mwizi aliyoifunga baada ya kuku wake kuanza kutoweka.

Desemba ikafika. Kijani kitupu, kama sukuma wiki.

Kila mpita njia akageuka daktari. Mmoja akaagiza majivu, mwingine samadi ya mbuzi, wa tatu akataka mmea usemeshwe Kimeru, pengine Kiswahili hakiuingii. Mzee akamwaga samadi. Mmea ukanenepa, ukazidi kuwa kijani.

Aliyefumbua fumbo ni mpwa wake, kibarua wa shamba la maua upande wa Timau. “Mjomba, ua lako halilali!” Akaeleza kwamba krisanthemamu huwashiwa taa usiku makusudi, zisije zikachanua kabla ya wakati. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa urefu wa mchana huamua mimea mingi ichanue lini; baadaye ikabainika kwamba kinachopimwa hasa ni giza. Poinsetia, yaani hilo ua la Krismasi, mzaliwa wa Meksiko, nayo ni miongoni mwa mimea inayopima giza hivyo. Usiku wa Meru, hapa jirani na ikweta, hukaribia saa 12 mwaka mzima. Mmea ukiachiwa giza hilo wiki kadhaa bila kumulikwa, majani ya juu huiva wekundu. Naam, majani: maua yenyewe ni vile vitone vya manjano katikati, ambavyo hakuna anayevisifu.

Mzee, kwa ari ya mwanafunzi mpya, akahamishia na bugenvilia yake kivulini, chini ya mparachichi. Ikamzalia miiba. Hiyo hutaka jua kali kutwa; ikinyimwa, hunyima rangi.

Ikabaki taa. Mama watoto akauliza swali moja tu: ua au kuku? Kuku wakashinda bila kura. Poinsetia ikang’olewa langoni, ikapelekwa nyuma ya choo, ambako mwanga haufiki, na huko ndiko ilikowaka nyekundu. Sasa wanaoiona ni wageni wanaokwenda msalani tu, na wengine hukawia huko hadi chai inapoa.