Siti Senta ya Kishapu

Wilaya yetu ina kichwa upande mmoja na mfuko upande mwingine. Mkuu wa wilaya na halmashauri wako Mhunze. Almasi ziko Mwadui, alikozigundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mabasi, chipsi na kelele viko Maganzo, kwenye lami iendayo Mwanza. Ukimwuliza mtu wa huku katikati ya Kishapu ni wapi, atataka kwanza kujua umefuata nini.

Binamu yangu hakuuliza. Ni mtoto wa Dar es Salaam, amewahi kufundisha Kiingereza watu wa maofisini, na kazi hiyo imemwachia ugonjwa wa kukusahihisha hata unapompa pole ya safari. Alipokuja Mhunze kwenye harusi ya kaka yetu, tulipewa somo hata matobolwa hayajaisha sahanini. Dauntauni, alisema, ni neno la Wamarekani: New York ilianzia ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, mji ukapanda kuelekea kaskazini, na kule ulikoanzia kukabaki kuitwa chini. Waingereza husema siti senta, nasi tufuate Waingereza.

Mjomba akauliza kama mtu akisema tauni tu inatosha.

"Haitoshi, Mjomba."

"Afadhali. Tauni ninayoijua mimi ni ile ya panya."

Nikamkumbusha kuwa kwao Dar watu husema wanakwenda Posta, na hakuna mwenye barua. Akajibu kwamba makondakta hawafundishiki.

Kesho yake tukamtuma kwa fundi, akachukue suti ya bwana harusi. Akapanda bodaboda na kusema, kwa matamshi safi kabisa, "Nipeleke siti senta."

Kijana akakuna kichwa. Senta anazijua: Usukumani, palipo na maduka mawili, mashine ya kusaga na meza ya pool, hapo ni senta. Kilichomtatiza ni siti. Kishapu hatuna jiji, na hata Shinyanga ni manispaa. Jiji la karibu ni Mwanza, na Mwanza haiendwi kwa pikipiki. Basi kijana akafanya uungwana, akamkimbiza Maganzo akapande basi.

Mashamba ya pamba yalipozidi kupita, binamu alijipa moyo kwamba hata kutoka Chanika hadi Posta ni safari. Alipiga simu akiwa tayari ameshikwa mkono na mpiga debe.

"Niko siti senta, fundi simwoni."

"Unaona nini?"

"Lami. Na kuna bwana ananinong'oneza kama nina mzigo."

Suti ilifuatwa na mtoto wa darasa la pili, kwa miguu, akarudi kabla chai haijapoa.

Jioni kesi ikasikilizwa chini ya mwembe. Bodaboda alidai nauli ya kwenda na kurudi. Binamu alitaka kulipa ya fundi tu, ambayo isingetosha hata lita ya mafuta. Mjomba akapima Kiingereza cha kijana, asione kosa: siti ni jiji, jiji ni Mwanza.

"Na Shinyanga ikipandishwa hadhi ikawa jiji?" binamu akauliza, huku akitoa pochi.

"Hapo bosi," kijana akasema, "nitakupeleka Shinyanga."