Mtumbwi Usiolowa

Wanaoicheka ile baa ya Maisaka kwa kusimika mtumbwi langoni na kuujaza maua hawajui raha ya chombo. Ule ndio mtumbwi! Wenzake wako Ziwa Babati wanapishana na viboko, mvuvi mkono mmoja kasia, mkono wa pili anafua maji kwa kidumu kilichokatwa. Huu umepigwa vanishi na kuzungushiwa taa za rangi. Tobo lake la chini, ambalo ziwani lingekuwa msiba, hapa linapitisha maji ya waridi.

Tena si ushamba wetu peke yetu. Unguja majahazi makuukuu hupasuliwa mbao zake zikawa meza za hoteli, na mgeni hulipa zaidi kuliko abiria yeyote aliyewahi kulipanda jahazi lenyewe.

Fundi wa tezo naye aache manung'uniko. Mvuvi humkopa, halafu chombo kikivuja anarudi na maneno. Mwenye baa hulipa taslimu na wala haulizi kama kitaelea. Mteja mwungwana kama huyo utampata wapi?

Hata ziwa likifurika kama mwaka 1990, sisi chombo tunacho, mlangoni kabisa. Ni kung'oa waridi tu na kutafuta kasia.

Uzinduzi ni Jumamosi. Mgeni rasmi ataketi ndani, palepale kwenye zege, apigwe picha. Jaketi okozi limeazimwa ziwani, lile lile moja walilokuwa nalo, maana usalama kwanza.