Tu-stroki Ikikosa Nguvu, Waage Kwanza Washauri wa Steji

Pikipiki yako ya zamani, Yamaha DT125 au AG100, imeanza kugugumia kwenye vilima vya Ndalu, karibu na Kitale. Gia ya tatu haivuti, ya pili inalia, na abiria anashuka mwenyewe kwa huruma. Ukisimama steji utapata ushauri wa bure: wa kwanza atasema ringi zimekwisha, wa pili atataka ubadilishe kabureta, wa tatu atakuambia uiuze ununue Boxer. Hakuna hata mmoja aliyeigusa plagi. Waage kwa heshima, kisha fuata hatua hizi, za bei nafuu zikitangulia.

1. Petroli. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini hukosa nguvu na kuanza kugonga. Uchakachuaji ulikithiri hata Serikali ya Kenya mwaka 2018 ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Mwaga yaliyo tankini, osha bakuli la kabureta, weka petroli ya kituo unachokiamini. Oili iwe ya tu-stroki. Ile ya trekta uliyopewa na jirani, mrudishie aitie kwenye trekta lake. Kisha kagua mfuniko wa tanki. Tundu lake la hewa likiziba, pikipiki hukimbia vizuri kidogo halafu hunyong'onyea. Ukiulegeza na nguvu ikarudi, umeuponya ugonjwa bila kutoa senti.

2. Hewa. Vumbi la murram la Januari hujaa kwenye sponji ya chujio. Ioshe kwa sabuni, ikauke, ipake oili kidogo, uirudishe. Anayekushauri uendeshe bila chujio anakuuzia pistoni: vumbi ndani ya silinda ni msasa. Kumbuka pia kwamba Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kati ya tano. Pikipiki iliyorekebishwa pwani hunywa petroli kupita kiasi huku juu, na plagi hutoka nyeusi, imelowa. Dawa ni jeti kuu iliyo ndogo kidogo, wala si kabureta mpya.

3. Cheche. Weka plagi mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kama ina pointi, zisafishe na upime mwanya wake kwa kipimo cha bati. Jicho halitoshi, hata likiwa la fundi mzee.

4. Ekzosi. Hapa ndipo mafundi waliozoea Boxer hupotea njia, kwa sababu injini ya Boxer haichomi oili yake. Tu-stroki huichoma pamoja na petroli, na masizi hujilimbikiza kwenye tundu la kutolea moshi na kwenye bomba la ndani la ekzosi hadi moshi ukose pa kupita. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Fungua ekzosi, kwangua masizi kwa kijiti butu cha mbao bila kugusa ringi, na uhakikishe hakuna kilichoangukia ndani. Pikipiki nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa hufufukia hapa.

5. Sili na vibati. Tu-stroki huvuta mchanganyiko wake kupitia tumbo la injini, kwa hiyo tumbo lisivuje. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya gia: moshi mweupe mwingi, na oili ya gia hupungua bila kudondoka chini. Sili ya upande wa magneto ikichoka, huingiza hewa ya ziada, na injini hupata joto kupita kiasi hadi pistoni ing'ang'anie. Tazama pia vibati vyembamba vilivyo baada ya kabureta. Kilichopasuka hurudisha petroli ilikotoka.

6. Silinda. Sasa, na si kabla, pima mgandamizo. Kiki ikishuka bila ubishi, ringi zimekwisha kweli, na yule wa kwanza wa steji ana haki ya kununuliwa chai.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha jaribu kilima kile kile. Ukibadilisha vitano pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na utakuwa umelipia vinne vizima. Pikipiki hizi zilijengwa zitengenezwe kwa spana chache na subira. Fundi anayetaka kufungua silinda kabla ya kuona ndani ya ekzosi, mnyime kazi.