Namna ya Kumwapisha Rais Ambaye Umekwisha Kumchagua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepiga kura, mgombea wake akashinda, kisha akaambiwa asubiri kidogo. Umetoka Guatemala, kwenye uchaguzi mkuu wa 2023, ambako kupiga kura kulikuwa kazi ndogo kuliko zote. Kila hatua iliyomo imeshajaribiwa na watu wa kule, kwa hiyo ishike bila wasiwasi.

Anza kwa kutafuta mgombea ambaye wakubwa hawana habari naye. Mwaka ule waliotisha waliondolewa mmoja mmoja. Thelma Cabrera, mama wa Kimaya aliyeshika nafasi ya nne mwaka 2019, alikataliwa kwa sababu ya hati za mgombea mwenza wake. Roberto Arzú, mtoto wa rais wa zamani, akaenguliwa. Carlos Pineda alipofika kileleni katika kura za maoni, naye akafutwa mwezi Mei, wiki chache kabla ya uchaguzi. Bernardo Arévalo hakuguswa. Kura zile zile za maoni zilimpa chini ya asilimia 3, na hakuna mwindaji anayepoteza mshale kwa ndege asiyemwona.

Kutoonekana huko kusikudanganye. Baba yake, Juan José Arévalo, ndiye rais aliyechaguliwa baada ya mapinduzi ya Oktoba 1944, na mrithi wake, Jacobo Árbenz, aling'olewa mwaka 1954 kwa mkono wa shirika la ujasusi la Marekani. Ndiyo maana Bernardo alizaliwa Montevideo, uhamishoni. Chama chake kiliitwa Semilla, yaani mbegu, na kilichipuka kutokana na maandamano ya Jumamosi za 2015, yale yaliyomfanya Rais Otto Pérez Molina ajiuzulu kwa kashfa ya wizi wa ushuru wa forodha. Fedha za kampeni zilikuwa haba. Vijana wakamsambaza kwenye simu zao, wakamwita Mjomba Bernie, na jina likamkaa.

Siku ya kura, jiandae kwa rangi. Mguatemala hupewa karatasi tano: nyeupe ya rais na makamu wake, kijani ya wabunge wa orodha ya taifa, buluu ya wabunge wa jimbo lake, ya waridi ya meya na madiwani, na ya njano ya Bunge la Amerika ya Kati. Unachora alama ya X, unakunja, unatumbukiza, unachovya kidole kwenye wino. Kabla hujatoka, watazame vizuri waliokaa nyuma ya meza. Si watumishi wa serikali. Ni majirani zako waliojitolea, mwalimu, mwanafunzi, mwenye duka, zaidi ya laki moja nchi nzima. Saa kumi na mbili jioni hufunga kituo na kuhesabu karatasi moja moja mbele ya mawakala wa vyama, kisha huandika matokeo kwenye fomu na kutia sahihi. Mawakala hupewa nakala, na picha ya fomu huwekwa mtandaoni kila mtu aione.

Fomu hiyo ndiyo urais wenyewe. Masanduku yanaweza kubebwa na mihuri inaweza kuvunjwa, lakini fomu iliyokwisha kupita mikononi mwa kijiji kizima haina wa kuimeza. Mahali ambapo kura yenyewe inachezewa, zuia papo hapo: Juni 25, katika mji mdogo wa San José del Golfo, wenyeji walikataa watu walioletwa kwa magari kutoka nje waje kuwapigia kura, na uchaguzi wa pale ukasimamishwa.

Usiku ule kura zilizoharibiwa zilikuwa takriban asilimia 17, nyingi kuliko za mgombea yeyote. Watu walikuwa wametamka chukizo lao kwa kalamu. Sandra Torres, aliyekuwa mke wa rais wa zamani, akawa wa kwanza. Wa pili akawa Mjomba, na wawili hao wakaingia duru ya pili. Waliodharau mwiba wakaanza kuchechemea.

Sasa jiandae kwa mahakama, maana hapa ndipo kazi inapoanza. Kwanza ikaamriwa fomu zipitiwe upya. Zikapitiwa, matokeo yakabaki yale yale. Julai 12, jioni ile ile tume ya uchaguzi ilipothibitisha duru ya pili, mwendesha mashtaka Rafael Curruchiche alitangaza kwamba jaji Fredy Orellana amesimamisha uhalali wa Semilla kwa madai ya sahihi za kughushi wakati chama kikiandikishwa. Mahakama ya Katiba ikalizuia jambo hilo kesho yake, na Agosti 20 Arévalo akashinda kwa takriban asilimia 60 ya kura halali. Torres alikuwa ameshindwa katika duru ya pili kwa mara ya tatu mfululizo.

Mtu wa nchi nyingine angeanza kushona suti ya sherehe. Guatemala ilibidi isubiri hadi Januari. Septemba, ofisi ya Mwendesha Mashtaka Mkuu, Consuelo Porras, ilifungua masanduku ya kura. Mwisho wa mwezi ikavamia tume na kuondoka na fomu za matokeo, waamuzi wa uchaguzi wakipinga. Baadaye Bunge likawavua kinga waamuzi wanne. Desemba, waendesha mashtaka wakasema uchaguzi wote ubatilishwe. Mimi sikuwahi kuona wizi unaofanywa mchana kweupe namna hii, kwa mihuri, kwa barua rasmi, mbele ya kamera.

Hatua inayofuata ndiyo nzito, na ndiyo iliyonifanya niandike. Tafuta watu ambao hawadaiwi chochote na serikali. Katika milima ya Totonicapán kuna uongozi wa jadi wa Wamaya wa K'iche' uitwao Kantoni 48. Viongozi wake huchaguliwa na jamii zao kutumikia mwaka mmoja bila mshahara: hulinda misitu, chemchemi na njia, na hubeba fimbo za mamlaka. Hawakuwa wanachama wa Semilla, wala hawakuja kumpigia Arévalo debe. Walisema tu kwamba kura zao zimechukuliwa. Oktoba 2 wakafunga barabara, pamoja na mamlaka za jadi za Sololá na watu wa Xinka, na nchi ikasimama. Wachuuzi wa masoko ya mji mkuu wakaungana nao. Kisha wakapiga kambi mbele ya ofisi ya Porras, mtaa wa Gerona.

Walikaa siku 106. Jaribu kuihesabu idadi hiyo kwa vitu: turubai zinazovuja, chungu cha maharage asubuhi, mama aliyeacha kitanda cha kufumia nyumbani, zamu za kulala, fimbo zilizoegemezwa ukutani alfajiri watu wakinywa kahawa. Walidai Porras ajiuzulu. Hakujiuzulu. Lakini kila siku waliyokaa pale ilikuwa siku ambayo hakuna aliyethubutu kufuta uchaguzi.

Hatua ya mwisho ni uvumilivu wa saa. Siku ya kuapishwa ilikuwa Januari 14, 2024. Bunge likabishana juu ya vyeti vya wabunge wapya, Mfalme Felipe wa Hispania na wageni wengine wakangoja, umati nje ukasukumana na polisi. Rais aliyekuwa akiondoka, Alejandro Giammattei, hakutokea. Usiku wa manane ukapita, na ndipo Arévalo na makamu wake, Karin Herrera, wakala kiapo.

Kabla hakujapambazuka alikwenda Gerona kuwashukuru waliolala pale. Semilla ilikuwa na wabunge 23 tu kati ya 160, na Porras alibaki ofisini, kwa hiyo hakuna aliyeahidiwa usingizi. Katiba hairuhusu rais wa Guatemala kuchaguliwa tena. Uchaguzi mkuu unaofuata ni 2027, na meza zile zitahitaji tena majirani wa kukaa nyuma yake.