Fundi Ajibu: Hasongi, Nimemtoboa, na Mengineyo

Tangu niseme kwenye safu hii kwamba kitambaa cha meza cha plastiki, kile chenye maua na matunda kinachokatwa kwa mita kutoka kwenye jora huku River Road, Nairobi, kinafaa kushonea mfuko wa sokoni, barua hazijakoma. Nyingi nilidhani zimepotea njia zikielekea kwa mwenzangu wa safu ya mapenzi.

*Kwako Fundi. Tuko pamoja tangu Jumamosi lakini hasongi. Nikimsukuma anajikunja, nikimvuta anavunja sindano. Mbele ya watu anang'aa. Tukibaki wawili amenata tu. Nimwache?*
*Aliyekwama, Kangemi*

Dada Aliyekwama, usimwache, na kumvuta komesha leo. Ule upande unaong'aa ni plastiki, na plastiki ikikutana na mguu wa chuma wa cherehani hung'ang'ania. Meno ya chini yanapeleka kitambaa nyuma, mguu wa juu unakikatalia. Tabaka la chini linatangulia, la juu linabaki, mishono inarundikana mahali pamoja na sindano inalipia ugomvi usioihusu.

Mwenye fedha anunue mguu wa teflon. Wengine tubandike selotepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, chini ya mguu wa kawaida, tuache wazi mahali pa sindano. Au chukua karatasi nyepesi inayowekwa ndani ya boksi la viatu, ilaze juu ya kitambaa, shona vyote pamoja, halafu uichane taratibu. Poda ya mtoto nayo husaidia, ila iwe ya kupangusia tu. Ikijaa kwenye bobini usiniandikie. Sindano iwe namba 16, uzi uwe wa poliesta, na ujaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa. Mkono wa kulia uongoze tu. Wa kushoto, kama umezoea kuvuta, ukalie.

*Fundi, nimemtoboa. Nilibana kwa pini, nikashona, mshono ukapinda, nikafumua, nikashona, nikafumua tena. Sasa mfuko ukiuinua mbele ya taa unaona nyota.*
*Mjutaji, Uthiru*

Nyota hizo hazizimiki. Pamba tupu ukiitoboa, nyuzi husogea zikaziba. Hiki kina utando juu, na tundu likishaingia ni la milele. Ndiyo maana mafundi wa huku ghorofani hupima, hukunja, huchora kwa nyuma kwa kalamu, hunywa chai, na cherehani bado haijaguswa. Mteja anadhani wanapoteza wakati.

Pini zirudishe kwenye kopo. Bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vya mbao vinauma vizuri zaidi. Mshono uwe mrefu. Kama cherehani yako ina namba za urefu, nenda 4. Ukibaki kwenye 2 matundu yanasongamana, na siku utakayobeba viazi mfuko utachanika kwenye mstari huohuo kama risiti inavyotoka kitabuni.

Penye mkanda wa kushikia ndipo wanaoanza hupaharibu. Mtu anaogopa mkanda utang'oka, basi anapita na kurudi, anapita na kurudi, hadi plastiki inabaki chujio. Shona mraba mmoja, katisha msalaba ndani yake, na nyuma uweke kipande cha jinzi kushikilia uzito. Hapo paache. Ncha za uzi usizifunge kwa kurudi nyuma na cherehani. Ziache ndefu, zipitishe ndani, uzifunge kwa mkono.

Kwa hali uliyofikia, tia bitana ya pamba. Nyota zitabaki, lakini sukari haitamwagika.

*Fundi, nilipiga pasi.*
*Mimi Tu, Westlands*

Pole. Mikunjo hutolewa kwa kukitandaza juani, na mkunjo wa mshono hulazwa kwa mgongo wa kijiko. Fungua madirisha.

*Fundi, bei ya mita ilinishtua. Nikasoma kwamba watu wa zamani walijitengenezea kitambaa kisichopitisha maji kwa kupaka pamba mafuta. Nimepaka ya kupikia. Wiki inaisha, hakijakauka, na paka wa ploti nzima wamehamia mlangoni kwangu.*
*Mbunifu, Kawangware*

Ulichosoma ni kweli, chupa ndiyo umekosea. Watu wa zamani walitumia mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maduka ya rangi na mbao bado huyauza kwa jina la linsidi. Yale hukauka kwa kushikana na oksijeni ya hewani mpaka yanakuwa utando. Mafuta ya kupikia uliyo nayo jikoni yatabaki mafuta mpaka yachache.

Na kabla hujakimbia kununua linsidi: tambara lililolowa mafuta hayo, likifinyangwa na kutupwa pembeni, hujipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Hutandazwa nje likauke, au huzamishwa majini. Chumba kimoja cha mabati Kawangware si mahali pa kujaribia. Kitambaa cha siku hizi hakina linsidi hata tone. Ni pamba au poliesta iliyovishwa plastiki ya PVC. Upana wake huwa kama mita 1.4, hivyo nusu mita inakupa vipande viwili vya sentimita 45 kwa 50 na kijimfuko cha simu. Nani alikwambia ununue mita nzima? Hiyo pamba ifue kwa maji moto na sabuni ya kipande, na paka waombe radhi.

*Fundi, mume wangu asema nikionekana mjini na mfuko wenye plastiki nitafungwa.*
*Mwoga, Kangemi*

Mumeo husoma magazeti, mpe heko. Tangazo lenye tarehe ya Februari 28, 2017 lilitoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, likaanza kazi Agosti 28 mwaka huohuo. Faini ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Ila lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyopewa bure dukani na kuikuta jioni imeziba mtaro. Mimi ni fundi, si wakili, lakini sijaona askari akimkimbiza mama kwa mfuko wa maua wenye bitana. Hata ile mifuko laini isiyofumwa iliyokuja kuziba pengo, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuipiga marufuku kuanzia Machi 31, 2019. Ilikuwa hafifu mno. Muulize mumeo, yeye hubebea nini unga?

*Fundi, upande mmoja mananasi yamesimama, wa pili yako kichwa chini. Nimeuzungusha mfuko, hayarudi.*
*Kizunguzungu, ndani ya matatu namba 46*

Ulikata kipande kimoja kirefu ukakikunja katikati ili kukwepa mshono wa chini. Picha yenye kichwa na miguu hukatwa vipande viwili, vyote vikitazama juu. Kufumua umeshasoma kulivyomfanya Mjutaji, kwa hiyo mananasi yaliyosimama yaelekee kwa abiria, na yaliyopinduka yalaze kwenye nguo yako. Konda akiuliza, mwambie ndiyo mtindo unaotoka River Road msimu huu. Akibisha, mlete kwangu. Nina mita tatu za mananasi hayohayo sijapata mteja.